Mchezo wa Vita vya Ramani Usifutwe

Muhula uliopita kulizuka mjadala mkali hapa shuleni, mjadala ulioanzia katika chumba cha Jiografia, ukafika chumba cha walimu, na mwishowe ukatufuata mpaka nyumbani. Je, mchezo wa vita vya ramani uendelee au ufutwe? Wengine wanasema ni kamari. Wengine wanasema unawafundisha watoto kupenda vita. Mzazi mmoja aliuliza mbele ya watu, kwani tumeletwa shule kusoma ama kupigana? Kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliocheza, na tena nilishindwa vibaya sana, naona nina haki ya kusema neno langu.

Wale ambao hawajauona wanadhani ni kurushiana mawe. La hasha! Hebu niueleze kwanza, maana naona wengi wanapinga kitu wasichokijua.

Mchezo unahitaji vyumba vitatu, ramani tatu, karatasi, penseli, rula na dadu mbili. Upande mmoja unakaa darasa la mwisho, upande wa pili unakaa maabara, na katikati, katika chumba cha Jiografia, anakaa refa na ramani kubwa yenye kete za pande zote mbili. Refa wetu ni mwalimu wa Historia. Hakuna upande unaoona kete za mwenzake. Unaandika amri yako kwenye kikaratasi, kwa mfano, "Kikosi cha pili kiende mpaka kwenye reli kikae hapo," kisha mjumbe anakimbia nayo kwa refa. Refa anaisoma, anapima umbali kwa rula, anaangalia kontua zimekaribiana vipi, anafikiria kama mvua imenyesha, kisha anakuandikia yale ambayo askari wako wangeyaona kwa macho yao. Basi. Hakwambii zaidi. Wakati mwingine anakaa na kikaratasi chako dakika kumi nzima kwa sababu mjumbe wa kweli angechelewa njiani. Ukilalamika anakujibu kwamba farasi wako amechoka.

Wazee wetu pale karibu na soko la Gakoromone wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Ni mchezo mzuri, nami naupenda, lakini katika drafti vifuniko vyote viko mbele ya macho yako. Ukifungwa ni kwa sababu hukuona kilichokuwa wazi. Katika mchezo wa ramani unafungwa na kitu ambacho hukuweza kukiona, na kibaya zaidi, unafungwa na kitu ambacho ungeweza kuuliza lakini hukuuliza. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Mchezo huu si wa juzi. Ulitengenezwa Prussia, nchi ambayo baadaye ilikuwa sehemu kubwa ya Ujerumani. Mnamo 1812 bwana mmoja aitwaye von Reisswitz alimtengenezea mfalme meza ya mchezo wa vita, na mwaka wa 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa jeshi, akatoa sheria kamili: ramani za kipimo cha 1:8,000, vipande vyekundu na vya buluu, kila zamu ikihesabiwa dakika mbili za vita, na refa katikati. Sheria zilikuwa nyingi mno, za kuhesabu kila risasi. Kwa hiyo mwaka wa 1876 jenerali mmoja, Verdy du Vernois, akasema sheria zipunguzwe na refa aachiwe kuamua kwa ujuzi wake. Sisi tunacheza namna hii ya pili, kwa sababu sisi ni wanafunzi wa kutwa na saa kumi na moja lango linafungwa. Kama tungehesabu kila risasi tungelala shuleni.

Sasa niseme habari ya kushindwa kwangu.

Siku hiyo nilipewa jeshi la watu wapatao 8,000, walio ndani ya meli, na mji mdogo wa bandari wa kuuteka. Jina la mji lilikuwa limefutwa kwenye ramani, mahali pake pameandikwa "Mji A". Karatasi ya kuanzia ilisema kwamba manowari yangu moja ilikuwa imetangulia kuingia bandarini kuwaambia wenye mji wasalimu amri, kisha ikaondoka. Niliisoma sentensi hiyo nikaipita tu. Nikajisemea moyoni, watu 8,000! Nani atasimama mbele yangu? Sikutuma mpelelezi hata mmoja. Nikaandika kwa herufi kubwa, "Wote washuke pwani, wakishamaliza waende mjini moja kwa moja." Wenzangu wakanipigia makofi.

Mpinzani wangu alikuwa kijana wa Kidato cha Pili, mdogo wa kimo, ambaye hata kusema darasani anaona haya. Baadaye refa alituonyesha vikaratasi vyake. Cha kwanza hakikuwa amri bali swali: "Reli inaweza kuleta watu wangapi kabla hawajamaliza kushuka?" Cha pili kilikuwa, "Mtu aende na baiskeli usiku akaangalie kama mji ni mtupu." Alikuwa na askari 1,000 tu!

Nilipokuwa bado nashusha watu wangu, yeye alikuwa amekwisha kuwaleta wake kwa gari la moshi. Nilipoingia katika minazi na vichaka, nikaanza kupokea vikaratasi vya ajabu. Kikosi cha kulia hakionekani. Kikosi cha kati kimesimama, hakijui kinapigwa kutoka wapi. Kisha refa akarusha dadu, akaandika kwa utulivu kabisa: "Askari wako wanakimbia. Wameingiliwa na nyuki."

Nyuki! Nilitoka mbio mpaka chumba cha refa, jambo ambalo haliruhusiwi. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, hao nyuki wametoka wapi? Unaonea!" Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka akatuita wote, akaandika ubaoni: TANGA, 2 HADI 5 NOVEMBA 1914.

Ndiyo, wasomaji. Yote hayo yalitokea kweli. Jenerali Aitken alikuja kutoka India na watu wapatao 8,000 kuuteka mji wa Tanga, uliokuwa chini ya Wajerumani. Manowari iitwayo Fox ilitangulia tarehe 2 kuwataka wasalimu amri, na kwa kufanya hivyo ikawapa habari kwamba wageni wanakuja. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawaleta askari wake kwa reli ya Usambara, reli ya kilomita zipatazo 350 kutoka upande wa Moshi. Yeye mwenyewe aliingia mjini usiku kwa baiskeli kuangalia. Alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Nyuki nao walikuwapo, wametibuliwa mizinga yao mitini, wakawauma watu wa pande zote mbili. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha, na risasi zipatazo 600,000. Watu wa kwetu wanajua nyuki. Ukiteremka Tharaka utaona mizinga imening'inia mitini, na hakuna mtoto asiyejua kwamba pale hupiti ukipiga kelele. Lakini mimi, mtoto wa Meru, nilipewa mji wenye minazi nisiulize kuna nini juu ya minazi.

Tuliposoma habari za Tanga darasani tulimcheka sana Aitken. Tukamwita mjinga. Sasa mimi simcheki, kwa sababu nimefanya aliyoyafanya, moja baada ya lingine, bila kulazimishwa na mtu, tena nikapigiwa makofi. Naomba wale wanaosema mchezo huu unapoteza wakati wa mtihani waniambie ni ukurasa gani wa kitabu ungenifundisha hivyo.

Haya, tuje kwenye kamari. Mwalimu mmoja, ambaye namheshimu, alisema kwamba penye dadu pana kamari. Kamari ni kuweka mali yako ukitumaini kuchukua ya mwenzako. Sisi hatuweki hata peremende. Dadu yetu ni ya kumsaidia refa pale ambapo hata yeye hawezi kujua: mvua itanyesha? barua itafika? nyuki wataamka? Kama tunatafuta kamari shuleni, tuziangalie simu za wale wanaobeti mpira Jumamosi, ambao hakuna mzazi aliyewaitia mkutano.

Kuna na wale waliosema, "Mtoto wa kike na vita, wapi na wapi?" Hawa nitawajibu kwa ufupi. Mwaka wa 1942, nyambizi za Wajerumani zilipokuwa zikizamisha meli za chakula za Uingereza, Kapteni Gilbert Roberts alifungua chumba cha mchezo wa namna hii mjini Liverpool. Walichora bahari sakafuni. Waliofanya kazi naye humo wengi walikuwa wasichana wa jeshi la wanamaji, baadhi wakiwa wametoka shule karibuni tu. Maafisa walioamuru meli za kweli walikuja kujifunza kwao. Mmoja wa wasichana hao, Janet Okell, aliongoza upande mmoja wa mchezo dhidi ya Admirali Max Horton, mtu aliyekuwa bingwa wa nyambizi, akamshinda mara kadhaa. Basi wapi na wapi?

Hoja ninayoiona nzito ni ile ya kwamba mchezo unatuzoeza kuona vita kama jambo rahisi. Hii sitaikimbia. Ni kweli kwamba katika mchezo wa kwanza, niliposhindwa, kilichoniuma ni aibu. Sikufikiria hata kidogo watu waliolala chini ya minazi. Kete zilitolewa kwenye ramani, zikarudishwa katika boksi, tukaenda nyumbani. Kama mchezo wote ungekuwa hivyo, huenda mimi mwenyewe ningeunga mkono ufutwe.

Lakini kulikuwa na mchezo wa pili, na huu ndio hasa ulionifanya nichukue kalamu.

Mchezo wa pili ulikuwa wa mwaka wa 1916. Jenerali Smuts anatoka upande wa Kilimanjaro na jeshi kubwa, anamfukuza Lettow kuelekea kusini mpaka mto Rufiji. Safari hii tulijua majina, na mimi nilikuwa upande wa Smuts. Nilikuwa nimejifunza, bwana! Nikatuma wapelelezi kila upande. Nikauliza habari za mito, madaraja na mvua. Kisha nikaandika amri yangu nzuri, ya kwamba brigedi ya kwanza iende kusini kwa siku kumi bila kusimama.

Kikaratasi kilirudi na maneno mawili: "Nani amebeba?"

Sikuelewa. Nikaandika, "Amebeba nini?" Refa akarudisha: "Unga."

Nikajibu kwamba magari yatabeba. Akasema mvua imenyesha, magari yamekwama. Nikasema ng'ombe na farasi. Akasema ni nchi ya mbung'o, ng'ombe na farasi wamekufa. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli. Wanyama walikufa kwa maelfu. Basi nikasema watu. Ndipo refa akatuita pande zote mbili kwenye ramani kubwa, akamwomba na mwalimu wa Hesabu, aliyekuwa amesimama mlangoni akitutazama, aingie.

Wakatufanyia hesabu ubaoni. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi. Yeye mwenyewe ni mtu, lazima ale, tuseme kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, kilo 20 amekula mwenyewe. Anamfikishia askari kilo tano. Mkiongeza siku mbili na nusu tu za kwenda, na mbili na nusu za kurudi, anafika mikono mitupu. Kwa hiyo ama mpagazi apunguziwe chakula, ama wapagazi waongezwe wa kuwabebea wapagazi. Darasa zima likanyamaza. Mwalimu wa Hesabu akasema, "Na walifanya yote mawili."

Mchezo ulisimamishwa siku hiyo. Kesho yake nikatumwa soko la Gakoromone kununua maharagwe meupe ya kuwa kete za wapagazi, moja likiwa ni watu 500. Mama aliyeniuzia alinipimia kikombe kimoja akaniuliza kama nyumbani tumebaki wangapi, kwani hayatoshi hata mlo wa jioni. Nikiwa bado nalipa, akapita mzee na gunia la viazi mgongoni, kamba kipajini, akipaza sauti, "Njia! Njia!" Nikasogea, kama tunavyosogea sote, bila kumtazama uso. Jambo hili sikulifikiria wakati huo. Nililifikiria usiku.

Tulianza na maharagwe 120 juu ya ramani. Refa alikuwa na jedwali lake: siku za mvua, siku za nusu posho, kuhara damu, malaria, nimonia kwa waliotoka nchi za joto wakalala kwenye baridi, na waliotoka nchi za baridi wakashushwa kwenye mbu. Kila zamu alitutajia idadi, nasi tukayatoa kwa mikono yetu na kuyaangusha katika mkebe wa Kimbo. Yalilia, ta, ta, ta. Jeshi langu lilifika Rufiji. Kwenye ramani maharagwe yalikuwa yamebaki 71. Nilikuwa nimeshinda, lakini hakuna aliyepiga makofi, hata wenzangu wa upande wangu. Yule kijana wa Kidato cha Pili aliuliza kama upande wake nao ulikuwa na wapagazi. Refa akamwambia ulikuwa nao, na wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini, ila majina yao hayakuandikwa vizuri hata kama ya hawa.

Hebu tuzitazame hesabu za kweli. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaona kwamba walikuwa zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, nao watu wetu wakalitamka jina hilo walivyoweza: Nairobi wakabaki na Kariokor, Dar es Salaam wakabaki na Kariakoo. Kila siku watu wanapanda matatu za Kariokor, wanashuka, wananunua vyondo na nyama choma, na sijui ni wangapi wanaojua wanalitaja jeshi la marehemu. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri wazi kwamba Waafrika wengi sana, watu wasiopungua 116,000 na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Yaani askari Mzungu alipata jiwe lenye jina, na mtu aliyembebea unga hakupata kitu. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kulisema hilo.

Nilipomsimulia nyanya yangu habari za maharagwe, nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniambia kwamba babu yake alikuwa na ndugu aliyechukuliwa "wakati wa Kariakoo", akaenda na wenzake wa rika moja. Hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema amekufia wapi, na kwa miaka mingi mama yake alimwachia chakula chunguni. Nimekaa na nyanya miaka 16 na hajawahi kunisimulia jambo hili. Si kwamba alinificha. Sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo nawaambia wale wanaotaka mchezo ufutwe: mnalalamika kwamba kete si watu. Ni kweli, lakini hata kitabu chetu hakina watu. Kitabu kina Smuts na Lettow, mishale miwili kwenye ramani, na mstari mmoja kuhusu wapagazi mwishoni mwa aya. Tatizo halitaondoka kwa kufuta mchezo. Litapungua refa akiuliza lile swali lake kila zamu. Mimi pendekezo langu ni kwamba iwe sheria ya chama chetu: hakuna jeshi linalotembea hata sentimita moja kwenye ramani kabla wabebaji wake hawajawekwa na kuhesabiwa.

Hapo mtaona kwamba kila kitu kinamtegemea refa, nami nakubali. Refa mbaya ni hatari kuliko kukosa mchezo. Mwaka huohuo wa 1942 Wajapani walicheza mchezo wa ramani kabla ya kwenda kupigana Midway. Dadu zikaonyesha kwamba meli zao mbili za kubebea ndege zimezama. Refa mkuu, Admirali Ugaki, ambaye ndiye aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa jeshi lilelile, akapunguza hesabu ya mabomu, na meli moja iliyozama akairudisha mchezoni baadaye. Mwezi wa Juni wakaenda Midway ya kweli wakapoteza meli nne za namna hiyo. Bahari haikuwa na refa wa kubembelezwa.

Ni kwa sababu hii, wasomaji, kwamba sikubaliani na rafiki zangu wanaotaka muhula ujao tucheze vita vya msitu wa Mlima Kenya vya miaka ya 1950. Najua nitachukiwa kwa kusema hivi. Wanasema, kwa nini tucheze vya Wazungu wa Tanga tuache vya mashujaa wetu, Mwariama na Baimungi, waliopigana hapa juu yetu tu, msitu unaonekana dirishani? Hoja ni nzuri, nami moyo wangu unapenda. Lakini nauliza, refa atakuwa nani? Katika darasa letu wako ambao babu zao waliingia msituni, na wako ambao babu zao walibeba bunduki za homugadi, na wote tunakaa dawati moja na kugawana mandazi. Mwariama alitoka msituni Desemba 1963 akakutana na Mzee Kenyatta. Baimungi aliuawa Januari 1965, wakati bendera yetu wenyewe ilikuwa imekwisha kupandishwa. Mambo haya wazee wanayasema kwa sauti ya chini, na wengine hawayasemi. Refa wa vita hivyo lazima awe mtu ambaye pande zote mbili zitamwamini akisema, "Hapa wako wamekimbia." Mimi sijamwona mtu huyo Meru, wala mwalimu wetu hakujidai kuwa ndiye. Aliposhauriwa alikataa palepale, nami naona alifanya vyema. Tukusanye kwanza masimulizi. Tuwaulize wazee wangali hai. Ramani inaweza kungoja, wazee hawangoji.

Nasikia kamati ya walimu itakutana wiki ya pili ya muhula kuamua. Naiomba isikilize na sisi tuliocheza, si wale tu waliosikia kelele kupitia dirishani, ingawa kelele zilikuwapo, na za nyuki zilikuwa zangu. Nawaomba pia wazazi waje wakae kiti cha refa kwa zamu moja tu waone.

Mchezo tunaoomba ni wa Salaita, kilima kilicho karibu na Taveta, mahali ambapo brigedi ya Afrika Kusini ilipanda tarehe 12 Februari 1916 ikarudishwa chini. Ni nchi kavu, maji yako mbali, na kwa sababu hiyo swali la nani amebeba litaanza kabla hata ya risasi ya kwanza. Mimi nimeomba safari hii nisiwe jenerali. Nimeomba kuwa msaidizi wa refa, wa kushika mkebe. Ile Kimbo iko katika kabati la chumba cha Jiografia, ufunguo anao mwalimu, na maharagwe yote 120 yamo ndani. Niliyahesabu mwenyewe siku ya kufunga shule, kwa sababu panya wameanza kuonekana.